Spesa za Bwana Ugavi

Bwana Ugavi alikuwa akiitikia marahaba kabla hujamwamkia. Ukikutana naye njiani pale mtaani kwetu Ipagala, hujafungua hata kinywa, yeye ameshasema "Marahaba, marahaba," mkono mmoja nyuma ya mgongo, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayepokea taarifa. Nilijizoeza kunyamaza makusudi nione atafanya nini. Hakufanya kitu. Aliitikia shikamoo ambayo hakupewa, akapita zake, akaridhika. Wazee wa Kigogo waliokuja mjini kuuza mbuzi wakimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," yeye aliwajibu "Habari za kazi," wakati Kigogo ndicho alichonyonya pamoja na maziwa.

Tulimwita Bwana Ugavi kwa sababu ugavi ndiyo kazi aliyokuwa nayo katika shirika moja la umma, enzi zile sabuni, sukari, betri na vitenge vilipokuwa havinunuliwi bali vinagawiwa. Uzio wa minyaa ndio uliotenganisha ua wake na wangu. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani bila kitambaa ni mtu anayekalia kiti tu, kwa hiyo nilisimama mbele ya meza yake mara nyingi kuliko nilivyosimama madhabahuni. Alisoma ombi langu mbele, akaligeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Meta hizi za nini?"

"Za kushona, Bwana Ugavi."

"Kushona nini?"

Kana kwamba ningeweza kuzipika. Nilimweleza, gauni la nani na la sherehe gani, naye alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akasema nije wiki ijayo. Wiki ijayo alisaini. Angeweza kusaini siku ile ile, ila asingepata raha ya kuniona tena.

Nitamtendea haki kwa jambo moja, maana sipendi kumsingizia mtu. Hakuiba. Wenzake walijenga kwa mifuko ya saruji iliyopotea njiani, yeye nyumba yake ilikaa na ukuta mmoja usiopigwa plasta mpaka nilipozeeka. Mkewe, Mama Nyemo, alipanga foleni ya sukari na sisi wengine, akiwa na kopo lake, na sukari ikiisha kabla ya kufikiwa alirudi na kopo tupu kama sisi. Kwa hilo watu walimsifu. Mimi sikumsifu. Angeiba kidogo pengine angekuwa binadamu wa kuzungumzika. Huyu hakutaka mali, alitaka kuombwa, na mtu anayetaka kuombwa hana siku anayoshiba.

Tena alikuwa na imani moja, mgao. Kitu kikiwa pungufu, kigawe sawasawa, kila mtu apate. Lilikuja katoni la betri za redio kwa ajili ya kijiji kimoja cha upande wa Kongwa, na betri hazikutosha. Redio zile zilikula betri mbili mbili. Mtu mwenye akili angewapa nusu ya kaya betri mbili mbili, nusu nyingine wasubiri. Bwana Ugavi aligawa betri moja kwa kila kaya. Kijiji kizima kikawa na betri, na hakuna redio iliyosema neno. Watu wakaanza kuazimana, huyu akimwendea yule na betri yake mfukoni, na ugomvi wao ulifika hadi kwa mchungaji. Nilipomuuliza Bwana Ugavi juu ya jambo hilo alinitazama kwa huruma. "Kuna aliyelalamika kwamba hakupata?" Kweli, hakuwepo. Akaniambia mgao ni mgao, akaendelea na chai yake.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze anachoweza. Bidhaa zikamwagika. Sabuni za rangi zote, redio, baiskeli, na mitumba iliyonifanya mimi mwenyewe nikae miezi bila kushona kitu zaidi ya kupunguza suruali za Wazungu. Nina machungu yangu na miaka hiyo, lakini nikimkumbuka Bwana Ugavi sokoni Majengo nasahau kulia, nacheka. Alikuwa akipita katikati ya meza za watu, anainua mche wa sabuni, anauliza, "Hii umeipata kwa kibali cha nani?" Mwenye meza anamwambia, "Mzee, unanunua au unaogea macho?" Nyumbani aliwaita wote walanguzi. Jumapili alivaa koti walilomuuzia.

Shirika likapunguza watu, na yeye akawa wa kwanza kupunguzwa, maana hapakuwa tena na cha kugawa. Alikwenda Dar es Salaam kufuatilia mafao yake, akakaa huko hadi Mama Nyemo akaanza kuulizia kwa madereva wa malori. Siku aliyorudi, mbuzi wa mtaa mzima walikimbia. Alirudi akiendesha gari la spoti.

Naomba mlielewe gari hilo. Lilikuwa jekundu, la mtumba kutoka Japani, milango miwili, fupi kwenda juu hivi kwamba nikisimama kando yake paa lilinifikia kiunoni. Viti vya nyuma vilikuwepo kwa jina tu. Ungeweza kuweka hapo mkoba na, ukiubana, kuku. Mchanga wa Ipagala mnaujua. Gari lile liliusukuma kwa tumbo. Bwana Ugavi alikuwa mtu wa mwili, na kutoka kwake humo kulikuwa kazi ya watu wazima: kwanza mguu, halafu kimya kirefu, halafu mkono ukitafuta paa. Akishasimama alivuta koti, akatazama huku na huku, akasema "Marahaba."

Mama Nyemo aliendelea kwenda kliniki yake ya presha kwa miguu.

Ningeishia hapo ingetosha, mwanamume amepoteza cheo akanunua makelele, wako wengi. Lakini yeye hakuridhika nalo. Ukutani sebuleni kwake palikuwa na kalenda ya wauza matairi yenye picha ya gari kama lake, ila magurudumu ya gari la kwenye picha yalitoka nje kidogo, yamejaa hadi ukingoni mwa bodi, gari limesimama kama bondia. La kwake magurudumu yalikuwa yameingia ndani. "Linaonekana limebana miguu," alisema, na uso wake ulijaa aibu ya kweli, kama mtu ameambiwa binti yake ana chongo. Shabani, fundi wake wa gereji kule nyuma ya Majengo, ndiye aliyemwambia habari za spesa.

Spesa ni kisahani kinene cha aluminiamu chenye matundu. Kinakaa kati ya gurudumu na habu, kile kitovu linapofungwa, kinalisukuma gurudumu nje. Ndiyo kazi yake yote. Nimeambiwa watu wa mbio wana sababu zao za kuzifunga. Bwana Ugavi sababu yake ilikuwa kalenda.

Uchaguzi wa spesa hizo ulichukua muda mrefu kuliko uchumba wa binti yake. Aliagiza sampuli Dar es Salaam kwa makondakta wa mabasi, zikaja moja moja, akazipanga juu ya meza ya sebuleni, kila moja juu ya kitambaa cha kufuma cha Mama Nyemo. Iliyokuwa nyembamba kama biskuti aliiona inamdharau. Iliyokuwa nene kama mkate ilimpa wasiwasi. Nyingine tundu la katikati lilikuwa kubwa, spesa ikawa inacheza kwenye habu. Nyingine matundu ya bolti hayakukutana na bolti za gari kabisa, lakini aliibakiza mezani kwa sababu iling'aa. Mgeni akija kusalimia hakupewa chai kabla hajatoa maoni. Mchungaji alikuja kuomba mchango wa bati la kanisa, akaondoka baada ya kushikishwa spesa zote na kuulizwa ipi ina heshima. Jioni aliwasimamisha majirani barabarani, yeye anashikilia spesa mbele ya gurudumu, anapaza sauti, "Kutokea hapo linaonekanaje?" Mimi aliniita kitaalamu.

"Fundi, wewe unapima watu viuno. Unene gani unafaa?"

"Bwana Ugavi, mkanda unachaguliwa kwa kiuno cha mvaaji, si kwa cha kwenye picha."

Hakusema nami kwa wiki mbili. Nilipumzika.

Sasa nimseme Nyemo, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Mpwapwa, msichana mpole mwenye kicheko cha ghafla, na alikuwa akimpenda baba yake kwa namna ambayo sikuielewa na wala sikuipenda. Alipochumbiwa na bwana mifugo wa huko huko Mpwapwa, harusi ikapangwa kufanyika kule, bibi harusi atokee kwa mjomba wake. Gauni nilishona mimi. Siku ya kujaribu, nikiwa na pini mdomoni, aliniambia kitu kimoja tu anachokitaka. "Watu wanazungumzia keki na kwaya. Mimi nataka baba anishike mkono tuingie kanisani. Hayo mengine hata yasipokuwepo, mama fundi, sijali."

Alimwambia na baba yake, nilikuwepo. "Baba, twende wote Ijumaa na pikapu ya kukodi. Tulale kwa mjomba."

"Nyemo, wewe ni binti wa nani?"

"Wako, baba."

"Basi binti yangu hapelekwi kanisani na pikapu ya mtu. Nendeni. Jumamosi asubuhi nitakuja na gari, nitakuchukua kwa mjomba wako, tutafika pamoja. Lakini siwezi kulipeleka limebana miguu mbele ya watu wote wale."

Kwa hiyo harusi ndiyo iliyomlazimisha kuchagua. Alichagua zile nene kama mkate. Lakini spesa nene inataka bolti ndefu, maana bolti ya zamani ikishapita kwenye spesa, kinachobaki cha kushika nati ni kidogo sana. Akaagiza bolti ndefu. Kifurushi kikafika Ijumaa ile ile tulipokuwa tunapakia vyombo, na ndani mlikuwa na bolti za magurudumu mawili tu.

Shabani alishauri spesa zifungwe nyuma, mbele pabaki kama palivyo mpaka bolti nyingine zije. Bwana Ugavi alimtazama kama alivyonitazama mimi siku ya betri. Nyuma limetanuka, mbele limebana? Hapana. Kila gurudumu lipate. Akazimimina bolti juu ya gunia na kuzigawa kwa mkono wake mwenyewe, gurudumu hili ndefu mbili, lile ndefu mbili, palipobaki zikae za zamani, nati zishike kwa ncha. Shabani, ambaye mdomo wake haukuwahi kubishana na mteja, alisema zitashika tu, akafunga. Baadaye alinisimulia akicheka hadi machozi, na nikamwambia kwamba yeye na mzee wake ni kisu na ala yake.

Tukiwa tayari kuondoka, naye amerudi na gari lake kutoka gereji, Mama Nyemo alisimama kando ya pikapu na mfuko wake wa nguo. "Baba Nyemo, acha hilo gari. Panda."

"Kesho asubuhi," alisema, akiwa amepiga magoti anatazama gurudumu kwa pembeni. Na lilikuwa limetoka, sitasema uongo. Lilikuwa limesimama kama la kwenye kalenda. Uso wake ulikuwa wa furaha tupu.

Jumamosi Nyemo alikuwa amevaa tayari kabla jua halijapanda. Akakaa kwenye kiti uani kwa mjomba, uso umeelekea barabarani. Kila ngurumo alinyanyuka. Lilikuwa lori, likawa pikipiki ya mtu, likawa lori tena. Saa ya ibada ikafika, ikapita. Mjomba akasema twende, labda atatukuta kanisani. Tulikwenda kwa miguu, mimi nimeshika mkia wa gauni usiguse vumbi. Mlangoni Nyemo akakataa kuingia. Tulisimama juani, kwaya imeshaimba nyimbo zake zote imeanza kuzirudia, bwana harusi anachungulia dirishani, hadi mchungaji mwenyewe akatoka akamnong'oneza kwamba ana harusi nyingine. Mjomba akampa mkono. Nyemo aliushika, lakini alipokuwa anavuka kizingiti aligeuka nyuma, na alipofika nusu ya kanisa akageuka tena. Nilikuwa nyuma yake, niliuona uso wake mara zote mbili. Siku hiyo nilimchukia yule mtu.

Tuliporudi Ipagala gari lilikuwa uani, limevutwa na lori, gurudumu moja la mbele limelazwa juu ya boneti. Bwana Ugavi alituambia gurudumu limechomoka pale njiapanda ya Mbande, kabla hata ya kuishika barabara ya vumbi ya Kongwa, na hakupata usafiri mpaka usiku. Mbande ni mbali na Mpwapwa. Mama Nyemo alikwenda jikoni akawasha moto. Mimi nilisema, lakini nilisema kwangu, nikikata kitambaa, na mkasi ulikuwa unanielewa.

Nyemo hakulalamika hata siku moja. Watu wa Mpwapwa walipomtania, aliwajibu hivi hivi kwa miaka yote: "Baba alikwama Mbande. Angefanyaje? Angekuwa karibu angekuja hata kwa kutambaa." Aliwaambia wakwe zake, akawaambia watoto wake walipokua. Nilimsikia akisema hivyo kwenye msiba wa mama yake, na Bwana Ugavi alikuwa amekaa kwenye mkeka pale pale, anasikia.

Baada ya Mama Nyemo kufariki, mzee alibaki peke yake na ukuta wake usiopigwa plasta. Gari lilikaa juu ya matofali mpaka kuku wakalifanya banda. Alikonda. Hakuacha kuitikia marahaba, lakini sasa watoto walimpita bila kujua anamwitikia nani. Hatimaye Nyemo akasema anamchukua akakae naye Mpwapwa. Mzee akaja kwangu na suruali zake zote nizipunguze.

Nilikuwa nimechuchumaa napima pindo, yeye amesimama ameshika meza ya cherehani, aliponiuliza, "Fundi, siku ile, mtoto alinisubiri?"

Miaka yote hakuwahi kuuliza. Ningeweza kumpoza. Sikutaka. Nilimwambia habari za kiti cha uani, jua la mlangoni, na jinsi alivyogeuka mara mbili.

"Kwaya ilirudia zile nyimbo," akasema.

"Ndiyo, ilirudia." Kisha nikainua kichwa. "Umejuaje?"

"Nilizisikia."

"Kutokea Mbande?"

"Haikuwa Mbande." Alikuwa akitazama ukuta. "Ni lile korongo la kuingilia Mpwapwa. Gurudumu lilichomoka, gari likashukia vichakani. Nilikaa mle. Nilisikia kengele, nikasikia nyimbo, nikasikia na vigelegele mlipotoka."

Pini ilinichoma nikaiacha. "Mzee, kutoka korongo lile hadi kanisani mtu anatembea hata na mzigo wa kuni. Kwa nini hukuja?"

"Ningefikaje kwa miguu?" alisema, na alishangaa kweli kwamba nauliza. "Suti yote vumbi. Watu wote wale."

Nilikasirika. Nilimwambia hizo suruali atazivaa hivyo hivyo mpaka amwambie mtoto wake. Akasema, "Nitamwambia. Tukiwa njiani nitamwambia." Suruali nilizipunguza, maana mtu hawezi kwenda kwa wakwe wa binti yake ameshikilia kiuno.

Jumamosi Nyemo alikuja kumchukua na gari la kukodi. Alikuwa ameanza kuota mvi, mama mtu mzima, kicheko kile kile. Alibeba masanduku yeye mwenyewe, akamfungia mlango, akaja kunishika mikono kuniaga.

"Mama, leo nimefurahi," aliniambia. "Baba amesema kuna kitu anataka kuniambia njiani. Mimi nimeshajua, ni habari za siku ile ya harusi. Nimemwambia dereva asimame Mbande, nataka anionyeshe mahali penyewe. Nimepataja miaka yote, sijawahi kupaona."

Nilimtazama mzee kupitia kioo cha gari. Alikuwa amesikia kila neno. Alitoa leso mfukoni, akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye viatu vyake, kama mtu atakayeshuka Mbande.